Vidukari wa masika na wanaowala: kwa nini sipulizii dawa mapema

Kila mwaka, mvua za masika zinapoanza katika miteremko ya Mlima Meru, maswali ninayoletewa na majirani na wakulima ninaofanya nao kazi hufanana: sukuma wiki imejikunja majani, kunde imejaa wadudu weusi kwenye ncha, nipulizie nini? Mimi ni mtaalamu wa kilimo cha bustani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mboga. Nyumbani pia tuna bustani nyuma ya nyumba, pamoja na kipande cha ardhi tulichokodi kando ya mfereji, ambako familia nzima hulima. Jibu langu kwa swali hilo halijabadilika kwa muda mrefu: usipulizie kitu chochote kabla hujageuza jani na kuangalia ni nani mwingine yupo. Nataka kueleza sababu zake kwa kirefu, kwa kuwa najua kumwambia mtu asubiri huku mboga yake inaliwa ni ushauri usiopokelewa kwa urahisi.

Tuanze na udongo, maana huko ndiko mambo yanakoanzia. Udongo uliokauka wakati wote wa kiangazi huwa na mabaki mengi ya majani na mizizi ambayo hayajaoza, na bakteria na kuvu walioko humo wengi hufa au hutulia. Mvua ya kwanza inapoulowanisha, waliosalia huongezeka kwa kasi kubwa na kuyaozesha mabaki hayo, na kwa siku chache udongo hutoa naitrojeni nyingi ambayo mmea unaweza kuinyonya mara moja. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na H. F. Birch katika kituo cha utafiti cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na tangu alipochapisha matokeo yake mwaka 1958, wataalamu wa udongo duniani kote huliita kwa jina lake. Kwa mkulima wa mboga maana yake ni kwamba mbegu au mche unaotakiwa kufaidi naitrojeni hiyo lazima uwe ardhini mapema, kwa sababu mvua kubwa zikishika, sehemu yake kubwa huoshwa na kuzama chini ya mizizi. Wazee waliokuwa wakipanda kwenye vumbi kabla ya mvua walikuwa sahihi kabisa.

Naitrojeni hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo inayofanya majani ya mwanzo wa masika yawe laini na yenye utomvu uliojaa chakula, na vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu, hupenda majani ya namna hiyo kuliko mengine yote. Kidukari jike hahitaji dume ili kuzaa. Huzaa watoto walio hai, ambao wote ni majike, na katika hali ya hewa ya joto la wastani mtoto huyo huwa mama baada ya takriban wiki moja. Ndiyo maana mche uliokuwa safi Jumapili huonekana umevamiwa kabisa Jumapili ya pili yake. Hakuna mdudu anayekula vidukari ambaye anaweza kuzaliana kwa kasi hiyo. Wale wadudu wa mviringo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, ambao kila mtoto anawajua, huhitaji kama wiki tatu hadi nne kutoka yai hadi mdudu kamili. Kwa hiyo kila masika kuna kipindi, kifupi lakini cha kutia wasiwasi, ambacho vidukari wametangulia na walaji wao bado wako njiani. Maamuzi mabaya mengi ya bustanini hufanyika katika kipindi hicho.

Geuza jani la sukuma wiki lenye vidukari wa rangi ya kijivu wenye unga mweupe kama nta, ulitazame karibu kabisa, ikiwezekana kwa kioo cha kukuza. Jambo la kwanza la kutafuta ni mayai madogo ya njano, marefu kidogo, yaliyosimama wima kwa kundi. Hayo ni ya wale wadudu wekundu. Watoto wao hawafanani nao hata kidogo: ni weusi au wa kijivu, wana miguu sita, mwili mrefu wenye vinundu na mara nyingi alama za rangi ya machungwa, na umbo lao ni la mamba mdogo sana. Watu wengi huwaua kwa vidole wakidhani ni wadudu wabaya zaidi ya vidukari wenyewe, ilhali kila mmoja wao anaweza kula mamia ya vidukari kabla hajawa mdudu kamili. Pembeni yao unaweza kuona kiumbe asiye na miguu, wa kijani kibichi kilichofifia, anayekaribia kupenyeza mwanga, akipeleka kichwa kushoto na kulia kama anayepapasa gizani. Huyo ni funza wa nzi mwenye mistari ya njano na nyeusi, yule anayeelea hewani mbele ya ua bila kusogea na ambaye watu humdhania kuwa nyuki. Akimgusa kidukari humnyanyua na kumfyonza mpaka ibaki ngozi tupu.

Kisha kuna alama ambayo mimi huitegemea kuliko zote. Katikati ya vidukari wazima utaona baadhi waliovimba na kuwa duara, rangi yao imekuwa ya kahawia hafifu kama karatasi ya kaki, nao wamegandamana na jani bila kusogea. Hao wamekufa. Nyigu mdogo sana, pengine milimita mbili tu, alitaga yai ndani ya kila mmoja wao, na mtoto wa nyigu amemla kidukari kutoka ndani. Ukiona tundu la duara, safi, kwenye mgongo wa ganda hilo, ujue nyigu mpya amekwisha kutoka na anatafuta vidukari wengine. Nikikuta maganda ya namna hiyo kwenye majani mengi ya tuta, huwa naondoka na kuendelea na palizi, kwa kuwa kazi inafanyika bila mimi.

Sasa fikiria kinachotokea mkulima anapopulizia siku hiyo hiyo dawa ya kuua wadudu wa aina zote. Vidukari wengi hufa, na kwa siku chache mboga hupendeza. Lakini mayai, mamba wadogo, funza na nyigu nao hufa, na vidukari wachache waliojificha ndani ya majani yaliyojikunja hubaki na bustani isiyo na adui. Kwa vile wao huzaliana kwa wiki na adui zao kwa mwezi, wimbi la pili huwa kubwa kuliko la kwanza, na mkulima huona kwamba dawa haitoshi, akaongeza. Nimeona bustani za familia ambazo zilipuliziwa hadi karibu na siku ya kuvuna mchicha, mboga ambayo huwa tayari kuliwa wiki tatu au nne tu baada ya kuota, na ambayo kwa hiyo haina nafasi ya kupitisha siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Hilo linanihuzunisha kuliko hasara yoyote ya majani yaliyotobolewa, kwa sababu wanaokula mchicha huo ni watoto wa nyumba hiyo.

Sisemi kwamba mkulima akae tu. Miche michanga kitaluni haina majani ya kupoteza, hivyo mimi huifunika kwa neti yenye matundu madogo tangu siku ya kusia. Ncha za kunde zilizojaa vidukari weusi huzikata au kuziponda kwa vidole. Pale ambapo vidukari ni wengi na sioni mlaji yeyote, hutumia sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji, nikipulizia chini ya majani wakati wa jioni. Sabuni huvunja ile nta ya mgongoni na huua wale tu iliowagusa, haibaki kwenye jani kuwadhuru watakaokuja kesho. Vilevile huangalia sisimizi. Wao hunywa maji matamu yanayotolewa na vidukari na huwalinda kwa kuwafukuza walaji wao, kwa hiyo nikiona msafara wa sisimizi unapanda shina, huvuruga njia yao kwanza. Mmea wenye majani yenye mabaka ya kijani kilichokolea na kilichofifia, uliodumaa, huo nauong'oa mara moja. Virusi vingi vinavyobebwa na vidukari huingia ndani ya mmea kwa muda mfupi mno wa kudunga, hata chini ya dakika moja, na dawa haiwezi kumuua mdudu kwa haraka kiasi hicho.

Anayependa kabichi na sukuma wiki atakutana pia na kiwavi mdogo wa kijani ambaye ukimgusa hujinyonganyonga na kujiangusha akining'inia kwa uzi. Ni mtoto wa nondo mwenye alama za almasi mgongoni, na amekuwa sugu kwa dawa nyingi katika sehemu nyingi za dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi kilileta kutoka Taiwan nyigu aitwaye Diadegma semiclausum, ambaye hutaga ndani ya kiwavi huyo, na kumwachia katika nyanda za juu za Kenya, ikiwemo milima ya Taita, ambako alipunguza sana uharibifu. Nyigu huyo hupenda ubaridi wa milimani na hafai kwa nyanda za chini zenye joto. Nyigu, wa kuletwa na wa kienyeji, wote hula nekta wakiwa wazima, na midomo yao ni mifupi, hivyo wanahitaji maua madogo yaliyo wazi. Kwa ajili hiyo huacha mistari michache ya giligilani na figili itoe maua badala ya kuing'oa yote, na humshauri kila mwenye bustani afanye hivyo kabla hajafikiria kununua chochote.

Usiku bustani huwa na wafanyakazi wengine. Vyura huanza kuimba mara madimbwi yanapojaa, na baada ya kutaga majini hutawanyika kwenye matuta kuwinda nondo, mende na sota, wale viwavi wanaokata miche kwenye usawa wa ardhi. Chungu kipana kilichofukiwa hadi ukingoni, chenye jiwe ndani la kuwawezesha kutoka, kinatosha kuwaweka karibu, mradi maji yabadilishwe mara kwa mara ili mbu wasizaliane. Popo nao hula nondo wengi. Kwenye maeneo makavu zaidi chini ya mlima, kalunguyeye hutoka baada ya mvua kula wadudu na konokono, na ni mnyama asiye na madhara yoyote kwa mboga.

Kinyonga anastahili neno la pekee, kwa sababu huku kwetu bado anauawa kwa hofu tu. Hana sumu, hang'ati mtu anayemwacha, na siku nzima huokota nzi na panzi kwenye ua wa masale. Mlima Meru una aina yake ya kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye kisayansi huitwa Trioceros jacksonii merumontanus na hapatikani kwa asili pengine popote. Mtu aliye naye kwenye ua wake ana kitu ambacho wengi husafiri mbali kukiona.

Konokono wakubwa, kwa upande mwingine, ni tatizo la kweli. Aina inayosumbua bustani duniani kote, Lissachatina fulica, asili yake ni Afrika Mashariki hii hii. Wakati wa ukame hujifungia ndani ya gamba, na masika ikianza hutoka na kutaga mayai kwa mamia. Majivu husaidia mpaka yanapolowa, yaani si kwa muda mrefu. Njia iliyonifaa ni kuweka vipande vya mbao au maganda ya ndizi kando ya matuta, kisha kuwaokota hapo chini asubuhi na mapema kwa kutumia glovu, kwa sababu wanaweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu. Mboga ya majani ya masika ioshwe vizuri kwa maji safi.

Mvua huleta pia tatizo la uchavushaji ambalo wengi hulidhania kuwa ni ugonjwa. Ua la boga hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya adhuhuri, na la kike ni lile lenye kiboga kidogo chini yake. Mvua ikinyesha asubuhi nzima nyuki hawatoki, na kiboga hicho hugeuka njano na kudondoka. Siku za namna hiyo chuma ua la kiume, ondoa petali zake, na pakaza chavua yake katikati ya ua la kike. Kwa nyanya chungu hali ni tofauti: chavua yake imefungwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na hutoka vizuri zaidi ua likitikiswa kwa mtetemo wa kasi. Nyuki wa asali hawezi kuufanya mtetemo huo. Wanaoweza ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti na miti mikavu, na kwa sababu yao mimi huacha gogo kavu limesimama pembeni mwa bustani.

Kuhusu nyanya zenyewe, katika ubaridi na unyevu wa huku juu sizioteshi masika bila paa la nailoni, kwa maana ugonjwa wa bakajani chelewa huweza kuzimaliza kwa siku chache. Masika ni wakati wa mnavu, mchicha, mgagani, sukuma wiki na majani ya maboga. Mbegu za nyanya huzisia mwishoni mwa Mei ili miche ihamishwe Juni mvua zinapopungua, na kuanzia hapo hukagua majani kila baada ya siku chache nikitafuta mabaka yenye vijia ndani ya jani, ambayo ni dalili ya kantangaze, mdudu aliyetokea Amerika ya Kusini na kufika Tanzania mwaka 2014. Majani hayo huyachuma mapema na kuyafukia mbali na tuta, kwa kuwa kiwavi akiwa tayari ndani ya jani au tunda ni vigumu dawa kumfikia.