‘Laugh’: nani anamcheka nani?

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri manukuu ya filamu, nilipewa tamthilia moja ya Kiingereza yenye babu anayependwa na kila mtu. Mjukuu wake anasimulia: “They laughed at everything he said.” Nikaandika: “Walimcheka kwa kila alichosema.” Kisarufi sentensi imetulia. Ila babu wa watu nilikuwa nimemgeuza mtu wa kuzomewa. Mhariri aliniuliza swali moja tu: “Kwani huyu mzee aliwakosea nini?”

Tangu hapo nimekuwa na adabu na neno “laugh”. Ni neno la masomo ya mwanzo kabisa, kila mtu anajua ni kucheka, na kwa sababu hiyo hakuna anayelifungulia kamusi.

Kiswahili hufanya mambo yake ndani ya kitenzi. Cheka ni cheka. Ukitia mtendwa, “amenicheka”, dharau imeshaingia. Hakuna anayeambiwa “wamekucheka” akashukuru. Chekesha inatuonyesha aliyesababisha. Chekea ina uso mkunjufu, na mara nyingine ina ulegevu. Kiingereza kinakiacha kitenzi kilekile na kuvitwika kazi hiyo vijineno vinavyofuata: “at”, “with”, “about”, “off”. Kwa hiyo wanafunzi wangu huniandikia “She laughed me”, na ninajua kabisa wanakotoka: wamefikiri “amenicheka”, wakaipanga neno kwa neno. Kiingereza hakikubali. Lazima “at” ikae katikati: “She laughed at me.”

Sasa hiyo “at” ndiyo iliyoniponza. Ikifuatwa na mtu, kwa kawaida ni dhihaka. Ikifuatwa na kitu, tuseme kichekesho, picha au hadithi, inataja tu kilichowafanya watu wacheke, na hakuna anayeonewa. Katika ile sentensi ya babu hakikuchekwa kiumbe, yalichekwa maneno yake. Leo ningeandika “Kila alichosema kiliwavunja mbavu”, na babu angebaki na heshima yake. Lakini usiifanye hii kuwa kanuni ya chuma. “They laughed at my accent” inataja kitu, lakini lafudhi yangu ni mimi mwenyewe, na hapo nimechekwa. Tena “laugh at yourself”, ambayo kwa sura ingekuwa tusi la kujitukana, ni sifa: husemwa kwa mtu asiyejikweza, anayeweza kuyataja makosa yake bila kununa.

“With” ni ya kushirikiana. Kuna kauli ya kujitetea, “We’re laughing with you, not at you”, ambayo kwa uzoefu wangu hutolewa baada ya mtu kuchekwa kweli. Usiitafsiri haraka kuwa “kucheka na”. Sisi tuna nyani wetu: ukicheka naye utavuna mabua. Masikioni mwa Mswahili “kucheka na” kunaweza kuwa kumlegezea mtu mpaka akuharibie, maana ambayo “laugh with” haina hata chembe.

“Laugh it off” ni kulipitisha jambo kwa kicheko: umejikwaa mbele za watu, unacheka, yanaisha. “No laughing matter” ni si jambo la mzaha. “Laughing stock” ni mtu aliyegeuka kichekesho cha watu. “To have the last laugh” ni ya yule aliyebezwa mwanzo, mwisho mambo yakamnyookea. Na mtu akikwambia “Don’t make me laugh”, usitafute kilichomfurahisha. Amekwambia hakuamini, na pengine amekudharau kidogo.

Kwenye nomino kuna kosa ambalo nalisahihisha kila muhula. Kwetu kicheko ni kimoja, vicheko ni vingi, basi mtu huandika “a laughter” na “many laughters”. “Laughter” haihesabiki, ni kicheko kama sauti au hali kwa jumla. Kinachohesabika ni “a laugh”. Hiyo nayo imekwenda mbali na mdomo: “for a laugh” ni kwa utani tu, “we had a good laugh” ni tulicheka tukafurahi, na Waingereza husema “he’s a laugh” kwa maana ya kwamba jamaa ni mcheshi.

Kuna aina za kicheko ambazo Kiingereza hukipa kila kimoja kitenzi chake: “giggle” ni vile vicheko vyepesi visivyozuilika, “chuckle” ni kucheka chinichini, “guffaw” ni kuangua kicheko, “snigger” ni kucheka kwa kificho na dharau. Nami hupenda tunavyomaliza kazi hiyo kwa sauti zenyewe: kwi kwi kwi ni mtu mmoja, kwa kwa kwa ni mwingine kabisa.

Na ile “gh” inayotamkwa “f”? Zamani za Kiingereza cha Kale hapo palikuwa na sauti ya kooni, jirani ya “kh” tunayoisikia kwa anayetamka “kheri” sawasawa. Wajerumani na Waholanzi bado wanayo katika “lachen”, yaani kucheka. Waingereza waliipoteza vinywani, maandishi yakabaki nayo. Katika “laugh”, “cough” na “rough” iligeuka “f”. Katika “night” na “daughter” ilinyamaa. Matokeo yake “laughter”, kicheko, na “slaughter”, mauaji au uchinjaji, zinatofautiana kwa herufi moja kwenye karatasi, lakini mdomoni hazifanani.

Kisha ikaja LOL, kifupi cha “laughing out loud”, ambayo kamusi ya Oxford English Dictionary iliiingiza Machi 2011. Anayeiandika mara nyingi hajacheka hata kidogo. Anapunguza ukali wa alichosema, au anajaza tu nafasi ya jibu. Mwaka 2012, katika uchunguzi wa umma kuhusu vyombo vya habari Uingereza, Rebekah Brooks, aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la The Sun, alieleza kwamba David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu, mara nyingine alikuwa akimalizia ujumbe wake kwa LOL akidhani ni “lots of love”, yaani mapenzi tele, mpaka alipoelezwa maana yake. Kwa “kwi kwi kwi” asingeweza kukosea hivyo.