Kunyoosha jengo kwenye mashine ya kukuzia picha

Ukisimama chini ya ghorofa na kuinamisha kamera nyuma ili upate hadi paa, kuta zake kwenye picha hazisimami timazi. Zinakaribiana kadiri zinavyopanda, na jengo zima linaonekana kulala chali. Lensi haina kosa. Filamu ilikuwa imeinama wakati ukuta umesimama wima, na paa, kwa kuwa liko mbali zaidi, likatoka dogo kuliko msingi. Kurekebisha mtazamo katika chumba cha giza ni kuweka mwinamo mwingine wakati wa kuchapa, unaofuta ule wa kamera.

Katika mashine ya kukuzia, taa iko juu, chini yake negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa), kisha lensi, na mwisho ubao unaoshika karatasi. Sehemu ya karatasi iliyo mbali na lensi hupokea taswira kubwa zaidi, na iliyo karibu hupokea ndogo. Kwa hiyo inua upande wa ubao ambako mistari imeachana, yaani kwenye msingi wa jengo. Msingi unapungua, paa linakua kwa kulinganishwa nao, na kuta zinaanza kwenda sambamba. Weka juu ya ubao karatasi yenye mistari iliyopigwa kwa rula ili uone zimefika lini, maana jicho hudanganyika upesi chini ya taa nyekundu.

Mpaka hapo kazi ni rahisi. Shida ni fokasi: ubao ukishainama, upande mmoja unakuwa mkali na mwingine unafifia. Wengi huweka fokasi katikati, wanapunguza tundu la lensi hadi f/11 au f/16, na kwa mwinamo mdogo inatosha. Mwinamo ukiwa mkubwa, tundu dogo haliokoi kitu. Dawa yake ni kanuni inayoitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, mwanajeshi wa Austria aliyetafuta njia ya kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani na akapata hataza ya Uingereza mwaka 1904. Mfaransa Jules Carpentier alikwisha kuandikisha wazo hilo mwaka 1901, na hataza yake ilihusu hasa vyombo vya kukuzia picha. Kanuni ambayo leo hutajwa zaidi na wapiga picha wa kamera kubwa ilianza, basi, kwenye kuchapa.

Inasema hivi: chukua bapa, yaani uso tambarare, la negativu, bapa la lensi na bapa la karatasi, uyarefushe kwa mawazo. Yakikutana yote matatu kwenye mstari mmoja, karatasi nzima inaweza kuwa kali. Kwa vitendo, kama kichwa cha mashine kinaruhusu lensi kuinama, iinamishe kuelekea upande uleule wa ubao, ila kwa pembe ndogo zaidi. Kama kinachoinama ni negativu na lensi imebaki mlalo, negativu huinama kinyume cha ubao. Hakiki pembe zote nne kwa darubini ya chembe, kifaa kinachokuza chembe za filamu ili uone kama fokasi ni kali, si katikati tu.

Kuna gharama. Taswira inageuka trapeza, kwa hiyo kingo zitakatwa. Ukijua tangu mwanzo kwamba utanyoosha, acha nafasi pande zote unapopiga. Jengo pia huelekea kurefuka. Mwanga nao haulingani: upande ulio sentimeta 60 kutoka kwenye lensi, ukilinganisha na ulio sentimeta 50, unahitaji takriban sekunde 14 pale mwenzake anapohitaji 10. Tembeza kadi polepole juu ya karatasi kufidia tofauti hiyo. Kwa maoni yangu, ghorofa refu lisinyooshwe kabisa, kwani likinyooka kikamilifu linaonekana kupanuka juu. Mkaribiano kidogo ndio jicho linaoutarajia.

Ulinganifu wa mashine yenyewe ni jambo hilohilo, ila kwa upande wa kosa. Mashine iliyolegea skrubu inainamisha picha bila kuombwa: pembe moja inafifia kila mara, na mraba unatoka umepinda. Watu huisingizia lensi, wanunue nyingine, na pembe inabaki vilevile. Pima kwa pimamaji kwenye ubao, kwenye kishikio cha negativu na kwenye bati la lensi. Si lazima meza iwe mlalo kamili. Kinachotakiwa ni vyote vitatu kusoma sawa, kwa urefu na kwa upana. Kwa usahihi zaidi watu hutumia vioo viwili vinavyotazamana, kimoja kikiwa na tundu la kuchungulia: taswira zinazojirudia zikijipanga katikati moja bila kukengeuka, mabapa ni sambamba.

Kagua hivyo kabla ya kuanza kunyoosha jengo lolote. Ukimaliza kurekebisha mtazamo, irudishe mashine isiwe na mwinamo na upime tena, kwa sababu alama ya sifuri ya mwinamo iliyochongwa kiwandani haithibitishi kwamba negativu na ubao viko sambamba kweli.