Shujaa wako mdogo haogopi kitu? Ndiyo maana watoto wanasinzia

Jamani wiki hii nimehariri miswada minne ya hadithi za watoto, zile za majini na mazimwi na mibuyu inayoongea, na yote minne shujaa ni mtoto mtiifu, jasiri, hajawahi kusema uongo tangu azaliwe. Ukimuuliza mwandishi kwa nini, jibu ni lile lile, "lazima awe mfano mwema."

Hapana! Hii dhana imenichosha sana. Mmoja ameandika binti wa miaka tisa anaingia pango la zimwi usiku kumtafuta mdogo wake, na "hakuogopa hata kidogo". Sasa kama yeye mwenyewe haogopi mimi msomaji niogope nini? Tukakaa na mwandishi tukabadilisha hapo tu. Binti anafika mlangoni, kandambili inakatika, anachuchumaa eti anaitengeneza, anavuta muda weee, anajua kabisa anajidanganya, mpaka mdogo wake anaita mara ya pili ndipo anaiacha pale pale anaingia peku. Nikawasomea watoto wa darasa la tatu, kimya, hakuna aliyeomba kwenda chooni.

Na msiniambie huo ni utunzi wa kizungu. Rudini kwenye nunda mla watu, yule paka aliyegeuka dude la kula watu, katika hadithi ya Sultani Majinuni iliyosimuliwa Zanzibar, kisha mmisionari Mwingereza Edward Steere akaichapisha London mwaka 1870. Shujaa ni kitinda mimba, wa saba, anashinda jikoni na hakuna anayemtegemea kwa lolote. Kaka zake wametumwa kulinda mtende wakalala, tende zikaliwa na ndege. Yeye anajua usingizi utamkamata vile vile, kwa hiyo anatafuna mahindi yenye mchanga ili meno yakikwaruza ashtuke. Hapo ndipo ninapompenda, maana anaujua udhaifu wake! Halafu anakwenda kuwinda nunda, anaua mbwa, anamletea mama yake akiimba kwamba ameua nunda, mama anamwambia huyu siye. Anarudi na punda milia, siye. Twiga, siye. Angepatia mara ya kwanza wimbo ule ungetoka wapi?

Ila kasoro yenyewe iwe na kazi. Mtu ananiletea "anapenda sana pipi" halafu pipi hazimponzi popote, hiyo si kasoro, ni pambo. Kama ni mwongo basi uongo wake umgharimu mtu anayempenda.

Lazima awe yatima? Wala. Unachohitaji ni mtu mzima asiwe karibu wa kumtatulia shida, basi, na huyu wa nunda mama yake yupo mwanzo mpaka mwisho.

Lazima awe na pawa? Mpe ukitaka, ila imchoshe au imwishie siku mbaya.

Watoto hawapendi kutishwa? Wanapenda mno, waulizeni bibi zenu. Wasichopenda ni kuachwa gizani hadithi ikiisha.

Mimi ushauri wangu ni ule ule kila siku, kabla hujaandika sentensi ya kwanza andika kwenye karatasi huyu mtoto anaogopa nini na amemficha mama yake nini. Ukikosa majibu usianze kabisa. Na ile aya ya mwisho ambapo babu anawakalisha watoto kuwaeleza wamejifunza nini, naifuta kabla sijaimaliza kuisoma.