Kwa Nini Daraja la Mbao Liliezekwa: Historia ya Cornish–Windsor

Wengi wakiona daraja la mbao lenye paa na kuta hudhani limeezekwa ili wapita njia wasilowe. Kwa kweli kinacholindwa ni mbao. Mbao zikilowa na kukauka mara kwa mara hupasuka, maji hujipenyeza kwenye maungio, na kuvu huzila kutoka ndani. Daraja lililoachwa wazi lilioza kwa miaka michache. Lililoezekwa vizuri liliweza kupita karne.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko Marekani, juu ya Mto Connecticut, kati ya Cornish ya New Hampshire na Windsor ya Vermont. Daraja lililopo ni la nne mahali hapo. Yaliyojengwa 1796, 1824 na 1849 yalibomolewa na mafuriko, kwani paa halina uwezo wowote dhidi ya mto uliofurika. Mwaka 1866 James Tasker na Bela Fletcher walijenga hili, lenye urefu wa mita 137 hivi, kwa dola 9,000.

Nguvu yake imo ubavuni. Ithiel Town, msanifu majengo aliyesajili hataza (haki ya mvumbuzi) ya mtindo huu mwaka 1820, alionyesha kwamba mbao nyingi zilizolazwa mshazari zikapishana kama wavu hugawana mzigo, hivyo fundi wa kawaida angeweza kujenga daraja refu bila magogo makubwa mno. Town alitoza ada ya kutumia haki hiyo kwa kila futi ya daraja! Tasker na Fletcher walitumia mbao nene zaidi, zilizochongwa mapengo ili zishikane zinapokutana.

Wavukaji walilipa ushuru hadi 1943. Bango la zamani langoni linaamuru farasi watembezwe polepole, la sivyo faini ni dola 2. Majira ya baridi yalileta kazi nyingine kwenye madaraja ya aina hii: kwa kuwa paa lilizuia theluji, ilibidi itandazwe sakafuni kwa koleo ili magari ya farasi yanayoteleza juu ya theluji yapite.

Mwaka 1987 daraja lilifungwa kwa sababu lilikuwa limedhoofika, likafunguliwa tena 1989. Baadhi ya sehemu zilizochoka zilibadilishwa kwa mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Naunga mkono uamuzi huo, ingawa mbao hizo hazikujulikana kwa Tasker: bila hizo lingebaki la kutazamwa tu, ilhali leo magari yanavuka juu yake.