Kwa nini wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM hupigia kura majina matatu tu?

Mwaka 2015 makada 42 wa CCM walichukua fomu za kuomba kugombea urais wa Tanzania, na 38 wakazirudisha. Lakini wajumbe zaidi ya 2,000 wa Mkutano Mkuu walipopiga kura Dodoma mwezi Julai, majina yaliyofika mbele yao yalikuwa matatu: John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Magufuli akashinda kwa kura 2,104. Wale 35 wengine walipotelea wapi?

Walikatwa njiani. Kamati ya Usalama na Maadili huwapekua waombaji na kupeleka maoni yake Kamati Kuu. Kamati Kuu, chombo cha watu wachache kinachoongozwa na mwenyekiti wa chama, hubakiza majina yasiyozidi matano. Halmashauri Kuu ya Taifa, NEC kama makada wenyewe wanavyoiita, huyapigia kura hayo hadi yabaki matatu. Ndipo zilipotoka "tano bora" na "tatu bora" tunazozisikia kila msimu wa uchaguzi. Mkutano Mkuu ndicho kikao cha juu kabisa cha chama, ila huletewa kilichosalia. (Mgombea urais wa Zanzibar humalizwa na NEC, kama alivyopatikana Hussein Mwinyi mwaka 2020.)

Sababu ya kwanza ni hesabu. Mshindi anatakiwa kuvuka nusu ya kura, na majina 38 yangezisambaza kura hizo vibaya sana. Hata matatu huweza kusumbua. Mwaka 1995 Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza mbele ya Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya, lakini nusu hakuivuka. Kura zikarudiwa kati ya wawili wa juu, Mkapa akapata 686 na Kikwete 639. Kikwete alisubiri miaka kumi.

Sababu ya pili ni maadili. Chama kinataka kumkagua mtu kabla hajasimama mbele ya umati, asije mwenye fedha nyingi akawapanga wajumbe mapema. Hoja hii naikubali. Shida ni kwamba uzito wote wa uamuzi hurudi nyuma, kwenye kikao cha watu wachache: wajumbe humchagua mshindi, lakini nani asipate hata nafasi ya kushinda huamuliwa kabla hawajaketi.

Edward Lowassa ndiye mfano mkubwa kuliko wote. Waziri Mkuu huyo wa zamani alijaza watu kila alikokwenda kutafuta wadhamini, kisha jina lake halikuingia tano bora. Usiku uleule wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza kwa waandishi wa habari na kujitenga na uamuzi huo. NEC ilipokutana, baadhi ya wajumbe waliimba kwamba wana imani na Lowassa. Kabla Julai haijaisha alikuwa amehamia Chadema, na Oktoba akapata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40.

Alilazimika kuhama kwa sababu Katiba ya nchi hairuhusu mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwisha kusema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki za raia, lakini miaka miwili baadaye lilikuwa bado palepale. Aliyekatwa na chama chake atafute kingine au akae nyumbani. Ndiyo maana naona si haki mtu kukatwa bila wajumbe kuelezwa kinagaubaga sababu. Wao ndio watakaorudi mikoani kumwombea kura aliyebaki.

Januari 2025 chujio halikutumika kabisa. Mkutano Mkuu maalumu uliokutana Dodoma ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea miezi kadhaa kabla ya msimu wa fomu, bila jina la pili kupigiwa kura. Mgombea mwenza aliyetangazwa naye alikuwa Emmanuel Nchimbi, yuleyule aliyetoka usiku ule wa 2015 kuupinga uamuzi wa Kamati Kuu.