Kukata Pumzi Si Kipimo cha Mazoezi: Dhana Potofu za Wanaoanza Kukimbia

Kila mwaka mbio za Kilimanjaro zinapokaribia, mwishoni mwa Februari, barabara za Moshi hujaa watu ambao hawajakimbia tangu walipomaliza shule. Jambo hilo hunifurahisha sana, kwa kuwa shinikizo la damu na kisukari vimetujazia wodi na kukimbia ni miongoni mwa kinga za bei nafuu kabisa. Kinachonisikitisha mimi kama mtaalamu wa fiziotherapia ni kwamba wiki chache baadaye sehemu ya watu hao hao huja kwangu wakichechemea, na wengi wao hujieleza kwa maneno yanayofanana: "Daktari, mimi nilijituma kweli, nilikuwa nakimbia mpaka pumzi inakata." Husema hivyo wakiamini kwamba kukata pumzi ni ushahidi kuwa walifanya mazoezi sawasawa, kumbe ndicho chanzo cha maumivu yaliyowaleta.

Dhana yenyewe ni hii: mazoezi yasiyokutoa pumzi hayana faida, na anayetembea katikati ya mbio ameshindwa. Naelewa ilikotoka. Wengi wetu tulijifunza kukimbia katika mchakamchaka wa shuleni, na wengine wakaendelea nao Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako kasi hupangwa na kiongozi aliye mbele na anayebaki nyuma hukemewa. Hata vikundi vya jogingi vya mwisho wa wiki, ambavyo navipenda kwa umoja na nyimbo zake, huendeshwa kwa mwendo wa wanachama wa siku nyingi, huku mgeni akijikokota nyuma kwa aibu na kujilazimisha asiachwe.

Ukweli ni kwamba mwili wa anayeanza haubadiliki wote kwa kasi moja. Moyo na damu huitikia mapema: ndani ya siku chache mpaka wiki mbili kiasi cha plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli hujifunza kuitumia oksijeni vizuri zaidi wiki baada ya wiki. Ndiyo maana kufikia wiki ya tatu mtu hujiona amekuwa mwingine, akipanda ngazi za ofisini bila kuhema. Mifupa na kano, kinyume chake, huenda polepole mno. Mfupa unapopokea mzigo mpya, seli zake huanza kwa kuchimba na kuondoa sehemu iliyochakaa, kisha seli nyingine huja kujaza mfupa mpya mahali pale, na kazi hiyo yote huchukua miezi mitatu au minne. Hapo katikati, takriban mwezi mmoja tangu mtu aanze, kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hajaanza kukimbia. Fundi mwangalifu hapandishi ukuta juu ya zege la jana hata kama linaonekana limekauka, na mkimbiaji naye hapaswi kuongeza kilomita kwa sababu tu pumzi imekubali.

Mzigo wenyewe si mdogo. Kila mguu unapogusa ardhi katika mbio hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, hivyo mtu wa kilo 80 anaushushia mguu wake mmoja nguvu inayolingana na kilo 160 hadi 240, na hurudia hivyo zaidi ya mara mia tano kwa kila mguu katika kilomita moja tu. Madhara ya jambo hili yalijulikana zamani. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza kuhusu askari wapya waliovimba nyayo baada ya kutembezwa mwendo mrefu, na miaka michache baada ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895 ndipo ilipoonekana kwamba mifupa ya nyayo za askari wa namna hiyo ilikuwa imepata nyufa. Wale walikuwa vijana wenye pumzi za kutosha, lakini mifupa yao haikuwa imepewa muda.

Mtu anapoingia akilalamika ugoko, jambo la kwanza ninalomwomba ni anionyeshe panapouma bila kueleza chochote. Akipitisha kiganja kando ya mfupa kwa urefu wa shibiri nzima, upande wa ndani, moyo wangu hutulia kidogo, kwa kuwa mara nyingi hiyo ni hali ya kuelemewa ambayo hupoa kwa kupunguza mbio. Akiweka ncha ya kidole kimoja mahali pamoja, nikibonyeza hapo akaruka, na akaniambia kwamba usiku pia panamsumbua, namsimamisha kukimbia siku hiyo hiyo, kwa sababu huo huenda ni ufa. Wengi wanaofika katika hali hiyo wameshachuliwa ugoko kwa dawa ya kuchua, jambo lisilotibu ufa wa mfupa, na wengine wamepiga eksirei mapema wakaambiwa mfupa ni mzima. Katika wiki mbili tatu za mwanzo eksirei huweza isionyeshe kitu kabisa, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi barabarani.

Linalonikera kuliko yote ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, inayomezwa asubuhi ili mtu akimbie. Dawa hiyo huziba sauti pekee ambayo mfupa unayo, na ikichanganyika na upungufu wa maji mwilini katika joto la Januari na Februari huweza kuumiza figo. Nasema bila kumung'unya maneno: anayehitaji kidonge ndipo akimbie, siku hiyo asikimbie.

Je, mwendo unaofaa ni upi? Kipimo changu hakihitaji saa wala simu. Ukikutana na mzee njiani, uweze kumwamkia shikamoo, kumjulia hali ya nyumbani na kumjibu habari zako kwa sentensi kamili huku ukiendelea kukimbia. Ukilazimika kukatiza maneno ili upate hewa, umekwenda kasi mno na unapaswa kutembea mpaka maneno yarudi. Kwa anayeanza kabisa, hii ina maana ya kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki, kukiwa na siku ya kupumzika kati ya moja na nyingine, kisha kurefusha kidogo kidogo vipande vya mbio wiki hadi wiki. Kwa njia hii watu wengi hufikia nusu saa ya kukimbia mfululizo baada ya wiki tisa au kumi, na anayehitaji kumi na tano azichukue zote. Kilomita 21 za nusu marathoni ni jambo jingine, na sioni busara ya mtu asiyewahi kukimbia kuzianzia Desemba kwa ajili ya Februari.

Dada mmoja anayefanya kazi benki alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Daktari, nikitembea Barabara ya Lema asubuhi na nguo za mazoezi, watu si watasema nimeshindwa?" Aibu hiyo inaumiza watu wengi kuliko mashimo ya barabarani. Nilimwomba afikirie Alphonce Simbu, anayefanya mazoezi Arusha na aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, yaani wastani wa takriban dakika 3 na sekunde 5 kwa kilomita. Wakimbiaji wa kiwango hicho hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki kwa mwendo mpole, na si ajabu kumwona mwanariadha wa namna hiyo siku ya mazoezi mepesi akitumia dakika nne na nusu au tano kwa kilomita, huku akipiga soga na wenzake. Kama bingwa wa dunia anahitaji siku nyingi za polepole ili apate chache za kasi, sijui anayeanza anamkimbilia nani.

Hapa Moshi kuna tahadhari ya ziada, kwa sababu mji umelala mteremkoni. Barabara inayoelekea mlimani hupanda, na inayoukatiza mteremko kwa upande huwa tambarare zaidi. Wanaoanza hufikiri kupanda kuelekea Mweka au Kibosho ndiko kunakoumiza, kwa hiyo hupanda kwa kujikaza na kujiachia wakati wa kushuka, wakati kushuka ndiko kunakoyachana mapaja na kuongeza kishindo kwenye ugoko. Ushauri wangu ni kwamba miezi miwili ya mwanzo ukimbie njia za tambarare, kwa mfano zile za msitu wa Rau zenye udongo na kivuli, na ikiwa umepanda basi ushuke kwa kutembea.

Dhana ya pili kwa umaarufu ni kwamba kukimbia humaliza mafuta ya magoti. Goti halina tangi la mafuta linaloisha. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya damu, nalo hulishwa na ute wa kiungo unaoingia na kutoka kila linapobanwa na kuachiwa, kwa hiyo mwendo ndio chakula chake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo vya nyonga na magoti ulipatikana kwa takriban asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa ajili ya afya, na kwa takriban asilimia 10 ya wasiokimbia. Kwa washindani wa ngazi za juu kiwango kilikuwa takriban asilimia 13, na hilo linatukumbusha kwamba wingi uliopitiliza una gharama yake, lakini hao hawafanani na mama mwenye duka Kiborloni anayekimbia nusu saa mara tatu kwa wiki.

Wapo wanaovaa jaketi zito, au kujizungushia nailoni tumboni, wakisema jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Jasho ni maji na chumvi, na kilo uliyoipoteza asubuhi hurudi ukishakunywa maji. Mtu wa kilo 70 hutumia takriban kilokalori 70 kwa kila kilomita anayokimbia, na kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700, hivyo hesabu ni zaidi ya kilomita 100 kwa kilo moja, uvae jaketi au usivae. Ambacho jaketi linaongeza ni hatari ya mwili kupandwa na joto kali, na hali hiyo huua.

Kuhusu viatu nasikia kauli mbili zinazopingana. Wengine husema bila kiatu kipya cha bei kubwa usianze, wengine husema kukimbia peku ndiko asili yetu, na humtaja Abebe Bikila aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma peku mwaka 1960. Bikila alikuwa amezoea, nawe hujazoea. Mtumba wa soko la Memorial hapa Moshi unatosha kabisa ukijua kuchagua. Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma, na kama kisigino kimelalia upande mmoja kirudishe. Kisha bonyeza kwa dole gumba sponji iliyo kati ya soli na kiatu chenyewe: ikiwa ngumu bila kubonyea, au ikiwa na mikunjo iliyokwisha kukaa, imekufa, hata kama juu kinang'aa. Mwisho kivae jioni, wakati mguu umetanuka, na uhakikishe kuna nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu.

Akina mama huambiwa kwamba kukimbia hushusha kizazi. Hofu ya namna hii ilikuwa miongoni mwa sababu za kuwanyima wanawake marathoni ya Olimpiki mpaka mwaka 1984, na miili yao imeikanusha kwa vitendo: mwaka 2023 Magdalena Shauri wa kwetu alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Aliyejifungua ndiye anayepaswa kusubiri, kwa kawaida miezi mitatu hivi, huku akiimarisha misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini. Ikiwa mkojo unamponyoka anapokimbia, au anahisi uzito kama kitu kinashuka, asivumilie kimya wala asiache mazoezi, bali aje tumfundishe.

Kuhusu umri sina mengi ya kusema. Miaka sitini si kizuizi, ila kuanza bila kupima ni uzembe. Mwenye miaka zaidi ya arobaini aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari, na yeyote anayebanwa na kifua au kusikia kizunguzungu anapopanda kilima, amwone daktari kwanza. Anayetumia insulini apange na daktari wake namna ya kula na kupima sukari kabla na baada ya mbio, na abebe kitu cha sukari mfukoni kila anapotoka.