Sanamu ya kutishia ndege si kazi ya baba

"CBC ni shule ya wazazi." Kauli hii imezoeleka Kenya tangu mtaala wa umilisi (CBC), unaotazama mtoto anaweza kufanya nini, uanze kutumika kote nchini mwaka 2019. Mtoto anarudi jioni na agizo la kutengeneza sanamu ya kutishia ndege. Mama anakimbilia dukani kutafuta gundi, baba anagonga misumari hadi saa nne usiku, na mwenye kazi yuko kitandani anakoroma.

Kero hiyo ni ya kweli, hasa kwa anayefika nyumbani usiku hoi. Ila kumshirikisha mzazi hakumaanishi mzazi afanye kazi ya mtoto. Mpe shati kuukuu, fimbo mbili na kamba, kisha kaa kando. Sanamu ikiegemea upande, iegemee. Mwalimu anataka kuona mtoto ameweza nini, na sanamu iliyonyooka kama ya fundi haimwambii chochote (isipokuwa kwamba baba ni fundi).

Wengine hudhani mzazi asiyejua kusoma hana lake hapa. Nyanya aliyelima mtama miaka yote anajua ndege huvamia shamba saa ngapi, na kwamba wakishaizoea sanamu hawaiogopi tena. Mtoto akiyapeleka hayo darasani, kikundi chake kinapata la kubishania: mmoja atasema kwao hufunga mikebe igongane kwa upepo, mwingine ataapa kwamba kombeo ndilo dawa.